Siku 4 bila mesaji hata moja

Jumapili, mvua imetufungia ndani tangu asubuhi, Lubumbashi yote ni matope, bas acha niandike ile aibu ya wiki iliyopita.

Ilianza na simu. Mama moja mwenye famasi kule Katuba, niko namtengenezea programu ya stoki, ananipigia saa moja asubuhi na salamu hakuna: "Mwanangu, ile mesaji ulisema mashine itanitumia dawa zikikaribia kuisha, iko wapi? Parasetamol imeniishia kwa kabati na sikujua!" Nikafungua logi, hakuna kosa hata moja. Njo hapo niliogopa.

Natumia Guice, chombo cha Java cha kuunganisha vipande vya programu, ile Google waliitoa kwa watu wote 2007. Klasi yangu ya stoki, ni kusema kile kipande cha kodi chenye kinahesabu dawa, inasema tu nahitaji mtu wa kutuma mesaji, ni nani haijali, Guice njo inamleta. Sasa tangu toleo la 4.0, mwaka 2015, kuko OptionalBinder: unaweka setDefault, maana yake kama hakuna mwenye ameleta kingine basi tumia hiki, alafu moduli ingine, ni kusema kipande chenye kinaambia Guice nani afanye kazi gani, ikikuja na setBinding, hiyo njo inashinda. Tamu kabisa. Na mi juu ya testi nilikuwa nimeweka defolti bubu, anapokea mesaji, anasema sawa, hatumi kitu, sikutaka kuunguza yuniti kila nikijaribu. Kwa seva ya kweli, moduli yenye setBinding nikaisahau. Siku 4, bubu anaitika sawa, sawa.

Bila defolti Guice ingekataa kuwaka, ingepiga kelele hapo hapo kwamba hicho kitu hakuna aliyekifunga, ningenuna kidogo, nirekebishe, niende zangu. Ao ningebakia na OptionalBinder lakini bila setDefault, klasi iombe Optional, boksi yenye inaweza kuwa na kitu ao kuwa tupu, nishike boksi tupu mkononi na nilazimike kuamua: nifanye nini sasa, niandike kwa logi, niwashe alama nyekundu kwa skrini ya mama? Dagger, chombo kingine cha kazi kama ya Guice, na @BindsOptionalOf yake iko hivyo, inakuambia kiko ao hakiko, defolti haikupi. Zamani nilisema hiyo ni roho mbaya tu.

Mchana ile siku nilienda kula bukari kwa mama wa kona yetu. Pale usiposema mboga gani, unaletewa sombe, na hakuna mwenye analalamika, sombe ni mboga. Mi mteja wangu nilimpelekea sahani tupu imefunikwa vizuri.

Sasa bubu anaishi kwa moduli ya testi peke yake. Defolti nimeacha moja tu, sarafu: usipochagua kitu ni franka, mwenye kutaka dola aseme. Mama wa famasi, salamu yangu ya jana bado hajaijibu.