Jinsi nilivyofunga tangi la kunasia oili kwenye Forester yenye turbo bila kuibana pumzi injini

Ushauri mbaya kuliko wote niliowahi kupewa kuhusu gari ulikuwa mfupi: “Ziba hiyo PCV, weka kopo lenye kichujio juu, iache ipumue nje.” PCV ni vali inayoruhusu gesi zilizo ndani ya injini kurudi kuchomwa. Ushauri huo nimeusikia kwa mafundi, kwa vijana wanaopenda mashindano ya magari, na kwa jirani ambaye hajawahi kumiliki gari lenye turbo, na wote waliutoa kwa uhakika uleule. Gari langu, Subaru Forester ya SG5 yenye injini ya EJ205, lilitendewa hivyo hivyo, na mfumo nilioufunga baadaye unafanya kazi vizuri kiasi kwamba sioni haya kujisifu kidogo.

Kilichonisukuma ni oili niliyoikuta ndani ya intakula, yaani kipoza hewa inayotoka kwenye turbo. Kwenye Forester hii intakula hukaa juu ya injini, chini ya lile tundu la hewa lililoinuka kwenye boneti, kwa hiyo kuitoa si kazi kubwa. Nilipoiinamisha juu ya karai ilichuruzika oili nyeusi ya kulowesha gazeti zima, na bomba la kuingizia hewa lilikuwa na utando wa mafuta hadi mdomoni mwa turbo. Nilipima mgandamizo wa silinda zote nne na kuangalia kama mhimili wa turbo unacheza. Kote kulikuwa salama, na hapo ndipo nilipojua kwamba oili inatoka kwenye matundu ya kupumulia ya injini yenyewe.

Kila injini hupitisha kiasi fulani cha gesi ya mlipuko kandokando ya ringi za pistoni hadi kwenye tumbo la injini, yaani nafasi inamozunguka krenkishafti, na yenye turbo hupitisha zaidi kwa sababu shinikizo ndani ya silinda ni kubwa. Gesi hiyo ikikosa njia ya kutokea hujitafutia: husukuma oili kwenye sili ya nyuma ya krenkishafti na kwenye gasketi za vifuniko vya vali, na huizuia oili ya turbo isirudi, kwa kuwa oili hiyo hurudi kwa kuteremka tu, bila pampu ya kuivuta. Ndiyo maana turbo nzima kabisa huweza kutoa moshi wa buluu, ikang'olewa na kuuzwa kwa wauza vyuma chakavu bila kosa lolote.

Waliosanifu injini hii waliweka njia mbili. Mguu ukiwa mwepesi kwenye pedali, manifoldi (mabomba yanayogawia silinda hewa) huvuta, na gesi hupita kwenye vali ya PCV ikaingia humo kwenda kuchomwa. Turbo ikianza kusukuma, manifoldi hujaa shinikizo, vali hujifunga, na gesi hufuata njia ya pili, kutoka kwenye tundu la juu ya bloku na matundu ya vichwa viwili vya silinda hadi kwenye bomba lililo kati ya kichujio cha hewa na turbo, ambako nako kuna mvuto mdogo. Tatizo ni kwamba injini hii imelala, silinda zake zikielekea kushoto na kulia, hivyo kwenye kona ndefu oili hukimbilia kichwa cha upande mmoja na kufika karibu kabisa na tundu la kupumulia. Oili ikichanganyika na hewa ya kuchomwa huipunguzia petroli uwezo wa kuhimili joto bila injini kugonga, na magari haya ya soko la Japani yalipangiwa petroli ya oktani ya juu inayouzwa kwao. Kwa hiyo tangi la kunasia oili si pambo, ila ni lazima likae katikati ya njia iliyopo bila kuifunga na bila kuibana.

Fundi wa kwanza, ambaye gereji yake siitaji, alikuwa na kopo la aluminiamu linalong'aa, la kununuliwa tayari, lenye nipo (vibomba vya kuchomekea mipira) za milimita 10 hivi, na ndani yake halikuwa na kitu chochote: ukilitikisa unasikia hewa. Alikata mipira ya kupumulia, akaunganisha kopo lake kwa mpira wa hita, akafunga kijichujio juu, akaziba matundu yaliyobaki kwenye bomba la turbo, na PCV akaiacha kama ilivyokuwa. Gari lilipowashwa likakosa sailensi (mngurumo wa utulivu bila kukanyaga pedali), mshale wa mizunguko ukawa unapanda na kushuka, na kabla sijafika nyumbani taa ya injini ikawaka kwenye dashibodi.

“Bosi, hizo ni plagi tu,” aliniambia kesho yake. Tukabadilisha plagi. Kisha zikawa koili, kisha kidhibiti hewa kikaoshwa kwa dawa hadi kikameremeta, na sailensi ikawa ileile. Sababu ilikuwa mbele ya macho yetu: Forester hii ina kipima hewa baada ya kichujio, na kompyuta hutoa petroli kulingana na hewa iliyopita hapo, sasa manifoldi ilikuwa inavuta hewa ya nje kupitia kile kijichujio cha kopo, ikipita kwenye tumbo la injini na PCV, hewa ambayo haijahesabiwa na mtu. Nilipomweleza, alitabasamu kwa upole, akachukua boliti, akaichomeka kwenye mpira wa PCV na kukaza klipu. Gari likatulia papo hapo. Alinitazama kama daktari aliyemfufua mgonjwa.

Mwezi wa saba, baridi ya Arusha ilipokolea, mambo yakajidhihirisha. Chini ya kifuniko cha kujazia oili ulijaa utelezi wa rangi ya maziwa, kwa sababu hakukuwa tena na mvuto wa kuondoa mvuke wa maji na petroli kwenye tumbo la injini wakati wa safari fupi za mjini. Kwenye foleni ya Sanawari harufu ya oili iliyoungua iliingia ndani hadi mke wangu akashusha vioo vyote pamoja na ule ubaridi. Mpira wa hita, ambao umetengenezwa kwa ajili ya maji na hauelewani na oili, ulikuwa umevimba, ukalegea na kulala bapa penye kona. Gasketi ya kifuniko cha vali cha kushoto ikaanza kutoa jasho. Yote haya kwa kopo ambalo ndani yake, nilipolifungulia, sikukuta hata oili ya kujaza kifuniko cha soda!

Nikaamua kupima kabla ya kung'oa, na hapa ndipo ninapojivuna zaidi. Nilinunua ule mpira mwangavu ambao mafundi ujenzi hupimia levo, nikaukunja umbo la herufi U juu ya ubao wenye rula, nikaujaza maji hadi nusu, na kwa kuwa maji matupu hayaonekani vizuri gari likitikisika, nikayatia rosela. Ncha moja niliiunganisha na bomba la kijiti cha kupimia oili, nikaipitisha penye ukingo wa boneti na dirishani, na ncha nyingine nikaiacha wazi. Katikati niliweka chupa ya jemu ya kioo yenye kifuniko kilichotobolewa matundu mawili, ili injini ikivuta ghafla, rosela iishie kwenye chupa na isifike kwenye krenkishafti. Usiache chupa hiyo hata kama una haraka. Tumbo la injini likiwa na shinikizo, maji hupanda upande wa wazi. Likiwa na mvuto, huelekea upande wa injini, na rula hukupa jibu bila kifaa chochote cha umeme.

Mlima wa Mto wa Mbu, ule unaopanda ukingo wa Bonde la Ufa kuelekea Karatu, ni mahali pazuri pa kuikamua turbo, ilimradi uende asubuhi mapema kabla ya malori. Mpwa wangu alishika ubao, mimi nikashika usukani. Kwenye tambarare ya Makuyuni maji yalikuwa yamekwisha kuanza kujongea, na tulipoanza kupanda nikakanyaga.

“Mjomba, yanapanda! Mjomba, punguza!”

Sikuwahi kupunguza. Tofauti ya maji ilipita shubiri moja, ikafika ukomo wa mpira, na rosela yote ikamwagikia shati lake jeupe. Kwenye injini yenye afya, nilitarajia vidole viwili au mvuto kidogo. Nipo nyembamba na mpira uliolala vilikuwa vimeikaba injini kabisa, na sasa nilikuwa na ushahidi ambao hakuna fundi angeweza kuujibu kwa kunitajia plagi.

Tangi langu lilitengenezwa mtaa wa Unga Limited na kijana anayechomelea aluminiamu kwa gesi ya agoni, ambaye kazi yake ya kila siku ni radieta na intakula. Nilimchorea kwenye kipande cha boksi: tangi moja lenye ukuta katikati, yaani vyumba viwili visivyowasiliana, kila kimoja na koki yake ya kumwagia chini. Chumba cha kwanza hupokea mpira wa bloku na kuupeleka kwenye makutano yaleyale ya zamani, yenye mkono mmoja wa PCV na mkono mmoja wa bomba la turbo. Chumba cha pili hupokea vichwa vyote viwili na kurudisha kwenye bomba la turbo. Kwa mpangilio huo, injini ikiwa kwenye sailensi, hewa safi iliyokwisha kuhesabiwa huingia kupitia vichwa, hulifagia tumbo la injini na kutokea kwenye bloku; turbo ikisukuma, vyumba vyote viwili hutoa kuelekea kwenye lile bomba lililo kati ya kichujio na turbo. Watu wengi hukusanya mipira yote kwenye chumba kimoja, na inafanya kazi, lakini wanapoteza huko kufagia, na kwa safari fupi za mji wenye baridi kufagia ndiko kunakoiokoa oili.

Ndani ya kila chumba, bomba la kuingilia hushuka kupita nusu ya kimo, juu yake kuna bamba lenye matundu, na juu ya bamba kuna nyuzi za chuma cha pua, zile za kusugulia masufuria, kabla ya tundu la kutokea lililo juu kabisa. Sharti ziwe za chuma cha pua kweli. Jaribu kwa kuzilaza kwenye maji ya chumvi usiku kucha, kwa maana zile za bei rahisi hushika kutu, hukatikakatika, na vipande vyake husafiri moja kwa moja hadi kwenye mapanga ya turbo. Nipo zote ni za milimita 19. Yule kijana alitaka kuziweka za 12 kwa kuwa ndizo alizokuwa nazo, tukabishana kidogo, akatuma mtu.

Mipira ndiyo iliyonizungusha. Wauza spea walinionyesha ya silikoni, myekundu na mizuri, lakini silikoni ya kawaida huipenyeza oili taratibu hadi nje ikawa inanata. Niliipata kwenye duka la spea za matrekta: mpira wa kufyonzea oili ya haidroliki, wa nitraili, wenye waya unaozunguka ndani ya kuta zake, ambao huwezi kuulaza bapa hata ukiukanyaga. Ni mgumu kukunja, kwa hiyo penye kona kali nilitumia viwiko vya aluminiamu, na nilihakikisha hakuna mahali unaposhuka na kupanda tena, kwa kuwa oili hutuama hapo na kuwa kizibo. Tangi lenyewe nililifunga upande wa kushoto, nyuma ya betri, mbali na turbo iliyo kulia, kwa sababu mvuke hauwezi kupoa na kuwa majimaji kwenye tangi lenye joto la ekzosi.

PCV niliweka mpya. Iko chini ya manifoldi, mahali panapochubua vidole, na ya zamani ilipopulizwa ilipitisha pande zote mbili, maana yake, kabla ya ile boliti ya fundi, turbo ilikuwa ikisukuma hewa kwenye tumbo la injini kila nilipokanyaga. Badilisha hiyo kabla ya kununua tangi lolote. Pengine utaishia hapo hapo na kubakiza pesa zako. Mimi kwa jumla, mipira, tangi na vali, nilitumia pungufu ya bei ya turbo mtumba, na sehemu kubwa ilikwenda kwa yule kijana wa agoni.

Tuliporudi Mto wa Mbu, mpwa wangu akiwa amevaa fulana nyeusi, maji yalivutwa kidogo kuelekea upande wa injini kwenye tambarare, na kwenye mlima, pedali ikiwa sakafuni, yalisukumwa kwa vidole viwili tu. Sasa kila ninapobadilisha oili hufungua koki: wakati wa baridi hutoka kitu cha rangi ya chai ya maziwa, maji mengi kuliko oili, na wakati wa joto hutoka oili nyeusi isiyozidi nusu kikombe. Kuna aliyeniambia niirudishe kwenye injini kwa kuwa ni oili yangu niliyoilipia. Ina maji, petroli na tindikali za mlipuko, nami huimimina kwenye dumu la oili chafu pamoja na nyingine. Intakula niliifungua tena majuzi, na nilipopitisha kidole ndani kilitoka na utando mwembamba tu, nikaifunga bila hata kuiosha.