Bakuli la Shangazi

Jana jioni binti yangu alilitoa bakuli la kioo dirishani, akaliweka mezani chini ya taa ya tyubu, kisha akauliza: "Baba, nani amelibadilisha?" Swali hilohilo niliulizwa mimi mwaka 1991, kule Kirumba, Mwanza, tena kwa ukali.

Mchana ule nilikuwa nimeliosha uani, liking'aa zambarau iliyokolea kwenye kitako. Usiku, tukingojea wageni, Shangazi aliwasha taa ya sebuleni, akaona bakuli la buluu iliyopauka, akanishika sikio. "Langu umelivunja. Hili umelitoa wapi?" Niliapa, hakunisadiki.

Ndipo umeme ulipokatika. Mjomba, aliyekuwa na mitumbwi ya dagaa pale Mwaloni, alileta karabai, akaipiga pampu, na utambi wake uliofumwa kama soksi ukawa mwekundu, kisha mweupe. Kadiri nuru ilivyozidi, tuliiona zambarau ikirejea mbele ya macho yetu, kitakoni kwanza, halafu ukingoni. Shangazi aliliachia sikio langu. Bila kusema neno alivua khanga ya begani, akalifunika bakuli, akalifungia kabatini.

Nilielewa nilipofika chuoni. Kioo kile kimetiwa neodimiamu, mojawapo ya madini adimu, ambayo humeza ukanda mwembamba wa nuru ya manjano, wenye urefu wa wimbi wa karibu nanomita 585, na kuziacha nyekundu na buluu zipite. Jua na karabai vina nyekundu ya kutosha, kwa hiyo jicho huona zambarau. Tyubu ina nyekundu haba, hivyo hubaki buluu. Neodimiamu hiyohiyo ndani ya kioo, ikichochewa kwa mwanga mkali, hutoa nuru yake yenyewe isiyoonekana kwa macho, ya nanomita 1060 hivi, na kwa njia hiyo Elias Snitzer alitengeneza leza ya kioo mwaka 1961. Lakini lililonigusa zaidi ni kwamba Carl Auer von Welsbach wa Austria, aliyeitenga neodimiamu mwaka 1885, ndiye aliyebuni pia utambi wa taa wa aina ile ya karabai ya Mjomba.

Binti yangu nimemweleza yote haya, naye ameelewa upesi. Shangazi sikumweleza hadi alipofariki, ingawa nilirudi Kirumba kila likizo nikiwa tayari najua. Kila nilipotaka kuanza, alikuwa akinipakulia ugali na sato, na kabati lilikuwa nyuma yake, limefungwa.