Siku moja na mashine ya mkono ya kufunga marobota ya nyasi

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi huwa nimefungua karakana, nimefagia mabaki ya vyuma ya jana na kuweka kipimo, chaki na msumeno mahali pake. Wengi wanaopita hapa mjini Nakuru huniona kama mtu wa kuchomelea mageti, na mageti kweli ndiyo yanayolipa kodi ya kibanda, lakini kazi ninayoipenda kuliko zote ni mashine ya mkono ya kufunga marobota ya nyasi kavu. Haina injini wala umeme. Ni sanduku lililosimama wima, mpini mrefu, na bamba linaloshuka kutoka juu kugandamiza nyasi, basi. Na kwa kuwa yote yanaonekana kwa macho, watu hudhani hakuna cha kufikiria ndani yake. Nimeandika siku yangu hii moja ili watu wajue kila kipimo chake kimetoka wapi.

Wanaoihitaji ni wakulima wa Bahati, Njoro na Rongai wenye eka moja au mbili za Boma Rhodes, aina ya nyasi za malisho. Mwenye trekta na mashine yake kubwa haji kwa eka moja. Huiahirisha mpaka amalize mashamba makubwa, na nyasi ambazo zingekatwa nusu yake inapotoa maua hubaki zikikomaa, mashina yakawa magumu na protini ikapungua. Ng'ombe hula, ila maziwa hayaonekani.

Kuanzia saa moja hadi saa nne nilikata na kutoboa. Jambo moja tu la saa hizo linastahili kuelezwa. Bamba la kugandamizia huvutwa chini na vyuma viwili bapa, kimoja kila upande wa sanduku, na kila kimoja kina matundu yaliyopishana kwa sentimita 10. Vyuma hivyo sivitoboi kimoja kimoja, bali huvibana pamoja na kuvitoboa kwa mkupuo mmoja, kwa sababu matundu yakitofautiana hata kwa milimita mbili bamba huenda upande, kona yake ikauma ukuta wa sanduku, na nguvu ya mvutaji ikaishia kwenye msuguano badala ya kufika kwenye nyasi.

Saa nne na kitu akaingia mzee mmoja aliyekuwa ameagiza mashine. Alilizunguka sanduku, akapima kwa shubiri, akatikisa kichwa.

"Fundi, hili ni dogo. Mimi nataka robota kama la trekta. Ongeza upana, bei tutaelewana."

"Mzee wangu, kulipanua naweza. Lakini atakayevuta mpini ni nani?"

"Si mama watoto na yule kijana wa ng'ombe."

Hapo ndipo asubuhi ilipokwama. Nilichukua chaki nikamchorea sakafuni. Kitako cha sanduku langu ni sentimita 45 kwa 35, yaani sentimita 1,575 za mraba. Mpini una sentimita 180 kutoka kwenye egemeo, pale unapozungukia, hadi ncha, na vyuma vya kuvutia bamba vimeshikizwa sentimita 30 kutoka egemeo hilo, hivyo nguvu ya mkono huzidishwa mara sita: mtu akiegemeza kilo 50 za mwili wake kwenye ncha, nyasi hugandamizwa kwa takriban kilo 300, ukiacha zinazopotelea kwenye msuguano. Alichotaka yeye ni kitako cha sentimita 60 kwa 50, ambacho ni sentimita 3,000 za mraba, karibu maradufu. Kilo ni zile zile 300, na sasa zimetandazwa juu ya eneo kubwa zaidi, kwa hiyo kila mahali panapata nusu tu ya ule mgandamizo. Robota litatoka kubwa kwa macho, lakini kamba italegea, na likipakiwa kwenye bodaboda litaanza kumwagika kabla halijafika sokoni.

Akasikiliza hadi mwisho, kisha akasema basi nirefushe mpini. Hoja hiyo si ya kijinga, na ndiyo wateja wote huikimbilia, kwa hiyo niliijibu kwa utaratibu. Mpini wa mita tatu ungezidisha nguvu mara kumi, lakini mkono wa binadamu hushuka umbali ule ule, kama sentimita 120 kutoka karibu na uso hadi chini ya goti. Kwa mpini wangu bamba hushuka sentimita 20 kila mvuto. Kwa mpini wake lingeshuka 12, na kila mara lazima bamba likomewe kwenye meno ya fremu, mpini uinuliwe, pini zinazoshikiza vile vyuma kwenye mpini zihamishiwe matundu mengine. Mama watoto angemaliza jua lote kwa robota chache. Mzee akampigia mwanawe simu, mwanawe akataka nielezwe kwamba kuna mahali ameona kubwa zaidi, nikaeleza upya kwa simu, stima ikapotea katikati ya maelezo, na kazi ya kuchomelea mlango ikasimama. Nilimwambia mzee tusizidi kubishana karakanani: nilikuwa na mashine nyingine iliyokamilika ya kujaribiwa Rongai mchana huo, apande pikapu twende akaivute mwenyewe.

Tulifika saa saba na nusu, jua likiwa kali, na ndivyo nilivyotaka, kwa kuwa nyasi za asubuhi bado huwa na umande. Mama mwenye shamba alikuwa amezikata siku tatu kabla na kuzigeuza kila siku. Kabla ya kufunga chochote nilichukua shina moja nikalikwaruza kwa ukucha: ganda likibanduka, shina bado lina maji, na nyasi za namna hiyo zikifungwa hupata moto ndani, huota ukungu na kuharibika zote. La kwanza halikubanduka. La pili, kutoka chini ya lundo penye kivuli, lilibanduka, basi lundo hilo tukalitandaza upya juani.

Tulilaza kamba mbili za katani ndani ya sanduku, zikashuka ukuta mmoja, zikapita kwenye mianya ya kitako na kupanda ukuta wa pili. Tukajaza, tukavuta, tukakomea, tukajaza tena. Kazi ya kukomea ni ya lazima, maana nyasi huumuka mara tu zinapoachiliwa, na mtu hawezi kufunga fundo huku akishindana nazo. Mama alivuta mwenyewe, na hapo nilikuwa nikimtazama yeye kuliko mashine: mabega yake, kama anarukia mpini au anaushusha, kama visigino vinainuka. Robota la kwanza lilipotoka likiwa na urefu wa sentimita 80, tulilipima kwa mizani ya ndoano likakaribia kilo 12. Mlango ulifunguka bila nyundo. Komeo la kusukuma lingebanwa na nyasi zilizoshindiliwa, ndiyo maana naweka la kupindua, na upande wa mlango ni mpana kuliko nyuma kwa sentimita moja ili robota lichomoke.

Mzee alivua koti akavuta. Alifunga marobota matatu bila kusema neno, akatokwa na jasho, akaliinua la mwisho na kulitikisa. Bado alisema angependa kubwa zaidi, lakini hakutaja tena kile kitako cha 60 kwa 50.

Baadaye sikuangalia saa. Mawingu yalikuwa yamejipanga upande wa Menengai, na kila mtu aliyekuwa shambani, mzee akiwemo, aligeuka mfanyakazi: mmoja akikusanya, mwingine akijaza, mama na mimi tukipokezana mpini. Mikono yangu ilianza kutetemeka kabla ya yake. Mvua ilianguka tukiwa tunafunika turubai juu ya marobota ya mwisho.

Tukiwa njiani kurudi mzee akaniambia jambo la maana kuliko yote aliyoyasema asubuhi: mlango wa stoo yake ni mwembamba, na mpini hauwezi kukata kona. Usiku, stima iliporudi, nilichora kiungo cha kuugawa mpini vipande viwili. Nimekiweka sentimita 60 kutoka nchani, kwa kuwa chuma hulemewa zaidi kadiri unavyokaribia vile vyuma vya pembeni, na hapo kwenye kiungo mzigo wa kupinda hauzidi asilimia 40 ya ule mkubwa kabisa. Bomba la ndani litaingia sentimita 20 na kushikwa kwa pini moja anayoweza kuichomoa kwa vidole. Mzee atakuja kuichukua Ijumaa, kwa vipimo vile vile vya 45 kwa 35.