Nilivyosoma Ayubu nikiwa na plasta mguuni

Mwaka juzi, mvua za mwezi wa nne, gari dogo lilinichota na pikipiki yangu karibu na Kondele, hapa Kisumu. Muundi ulikatika mara mbili. Nikafungwa plasta kutoka pajani hadi vidoleni, nikarudishwa Nyalenda kulala chali. Pikipiki yenyewe ilikuwa ya mkopo. Malipo yalipokatika wiki chache tu, wenyewe walikuja na ufunguo wa akiba, wakaiwasha mlangoni pangu na kwenda nayo. Nilijua mlio wake ulipofika kona.

Wageni hawakukosa. Vijana wa stegi ya bodaboda walileta unga na hawakuhubiri, Mungu awabariki. Mzee mmoja wa kanisa alikaa, na kabla strungi haijapoa akaniambia, "Ndugu, kagua maisha yako. Kuna mlango uliacha wazi." Mwingine akaniagiza nitamke kwa imani kwamba sina maumivu. Nilitamka. Mguu haukusikia.

Biblia nilikuwa nayo, ile niliyonunua kwa wauza vitabu vya mitumba mjini kwa mia mbili au mia mbili hamsini, haina jalada. Kila mtu aliniambia soma, hakuna aliyeniambia wapi. Nikaanza mwanzo kabisa, sura tatu kwa siku. Kitabu cha Mwanzo nilikimeza kama mandazi ya moto. Kutoka nacho kilikwenda vizuri hadi walipoanza kupima mapazia ya hema. Nilipofika Walawi 13, kwenye ukoma na nywele nyeupe, nikajikuta nakagua mikono yangu mbele ya dirisha. Nikaifunga.

Jirani akanipa mbinu: omba, fumba macho, fungua popote, udonoe kwa kidole, neno lako liko hapo. Niliifanya kwa heshima zote. Nikanawa mikono, nikamfukuza kuku, nikafumba macho, nikazungusha kidole hewani kama mtu anayekoroga uji, nikashusha. Kumbukumbu la Torati 28, mstari wa 35. Kaufungue mwenyewe. Ni majipu mabaya, ya magoti na ya miguu! Nikaitazama plasta. Nikasema labda kidole kimeteleza, nikadonoa tena. Mambo ya Nyakati cha kwanza, majina ya watu waliozaa watu. Baadaye niligundua sura ile ya 28 ina baraka tupu mistari 14 ya kwanza. Kidole changu kilipitiliza stegi.

Ayubu, yule wa Biblia aliyepoteza mali, watoto na afya bila kosa, sikumwendea kwa utakatifu. Nilitaka kumkamata yule mzee kwa makosa, basi. Macho yangu hayapatani na maandishi madogo, na tokeni za stima zilikuwa zimeisha, kwa hiyo binti yangu wa gredi ya tano ndiye aliyenisomea kwa koroboi. Alipofika kwa marafiki wa Ayubu, Elifazi Mtemani, Bildadi Mshuhi na Sofari Mnaamathi, ulimi ulimkwama, tukacheka mpaka mama yake akatunyamazisha. Lakini hao watu, usiwadharau mapema: walikaa chini na Ayubu siku saba, mchana na usiku, bila kusema neno. Wangu hawakumaliza dakika saba.

Sura ya tatu Ayubu analaani siku aliyozaliwa. Mtoto akasimama. "Baba, hii iko kwa Biblia?"

"Endelea."

Usiku huo niliomba bila zile "tunakushukuru kwa siku ya leo". Nilimwambia Mungu habari ya ule ufunguo wa akiba. Nilisema vibaya, kwa sauti, na sikuomba msamaha. Kisha nikalala hadi asubuhi, mara ya kwanza bila kuhesabu misumari ya mabati.

Baada ya hapo nilitafuta wenzangu humo ndani. Zaburi 13, ile ya "hata lini". Zaburi 88, inayoishia gizani bila haleluya yoyote. Nabii Eliya chini ya mti wa mretemu, amechoka anataka kufa, na malaika hamkemei. Anampa mkate na maji, analala tena. Ukiwa na njaa kula kwanza, ndiyo usome. Hilo sikuambiwa na mtu.

Ayubu tulimmaliza baada ya kama wiki tatu. Pale 42:7, Mungu anapowakasirikia wale marafiki kwa kutosema yaliyo sawa kama Ayubu, nilimwambia binti arudie. Akarudia. Mara ya tatu akakataa.

Halafu akachukua kalamu, ahesabu mali ambayo Ayubu alirudishiwa mara mbili. Kondoo 7,000 wakawa 14,000. Ngamia 3,000 wakawa 6,000. Jozi za ng'ombe 500 zikawa 1,000, punda vilevile. Akafika kwa watoto: wavulana saba na wasichana watatu mwanzoni, saba na watatu mwishoni. Akanitazama.

"Hawa hawakuongezwa mara mbili. Na wale kumi wa kwanza?"

Anajua ana kaka yake tuliyemzika Vihiga kabla hajazaliwa. Sikumjibu. Tulikaa hapo, koroboi ikitoa moshi, mpaka mafuta yakaisha.

Plasta ilitolewa, pikipiki nyingine nikapata, na Biblia iko chini ya kiti chake kwenye mfuko wa nailoni. Binti alichukua jina moja tu kutoka kitabu kile, la msichana wa mwisho wa Ayubu. Sasa kila jioni majirani wanamsikia nje akimwita kuku: "Keren-hapuki! Keren-hapuki, kuja ulale!"