Sapu (mtihani wa marudio) ya patholojia ya kinywa nilivyoivuka nikiwa Wete, msimamizi bibi yangu

Walonambia patholojia ya kinywa, yaani kuyasoma maradhi ya kinywa kwa darubini, ni somo la kumeza tu bila kuelewa wamenitia hasara, na siwataji. Darasani kwetu Dar hilo somo halina mwenyewe. Kila mtu anataka waya za meno na kupandikiza meno maana ndo kwenye hela, ukisema unapenda patholojia unaulizwa "utafungua kliniki ya darubini?" Wengine wanadhani ni kushinda mochwari na maiti, kumbe vinyama vingi vinavyoletwa vimekatwa kwa watu walio hai, wako nje wanasubiri kuambiwa wana nini.

Mkubwa wetu mmoja akanambia we chukua desa, zile noti za kupeana, na pasti pepa za miaka ya nyuma, zinajirudia. Nikameza kwelikweli yakhe. Tunaingia mtihani wa slaidi, vile vinyama vilivyotiwa rangi juu ya vioo, hakuna maneno, ni pinki na zambarau tu, kengele inalia unahama meza. Nikaandika ameloblastoma, uvimbe wa taya, kila penye zambarau nyingi. Sapu.

Nikapanda boti kurudi Wete sina raha. Nikaprinti picha za slaidi kwa shilingi elfu kumi na kitu hivi, majina nyuma, nikamkabidhi bibi. Bibi hajui seli wala Kizungu na hapo ndo utamu, kila picha anauliza "hiki n'nini, na hiki mbona kimekaa hivi" na lazima umjibu Kiswahili cha kueleweka, huwezi kujificha nyuma ya maneno makubwa.

Siku ya ameloblastoma kavaa miwani, kaisogeza picha dirishani, kimya, halafu: "Mbona hawa kama watu wa Maulidi ya Homu, wamejipanga safu wote wameinamia upande mmoja?" Wallahi nilisimama. Ndo yenyewe! Vile visiwa vya uvimbe, seli za pembeni ndefu zimejipanga, viini vyote vimeukimbia ukingo vimesogea ndani, katikati seli zimelegea zimeachana. Desa lina aya nzima ya hilo na sikuwahi kuliona. Toka hapo picha yoyote naanza na safu ya pembeni. Keratosisti nayo, kifuko kinachoota ndani ya taya, utando wake mwembamba, seli sita mpaka kumi hivi kwenda juu, uso wake una mawimbi mawimbi, hazinichanganyi tena.

Akauliza, "Na akishajulikana huyo ndo iweje?" Darasa zima hatujawahi kuuliza hivyo. Nikamwambia uvimbe huu aghalabu unakaa taya la chini huku nyuma, mara nyingi hauumi, unakua taratibu mtu anaupuuza, na ukikwanguliwa tu mara nyingi unarudi, kwa hiyo daktari wa upasuaji hajui akate kiasi gani mpaka msoma slaidi aseme. "Kumbe mwenye kazi n'yeye," bibi akasema. Hapo ndo nikaanza kulipenda somo hili.

Picha za watafuna tambuu zilileta ugomvi, maana bibi mwenyewe anatafuna. Nikamweleza popoo lenyewe, hata bila tumbaku, taasisi ya utafiti wa saratani ya Shirika la Afya Duniani tangu 2004 inalihesabu miongoni mwa vitu vinavyoleta saratani, tena linakakamaza nyama ya mashavu mpaka mdomo haufunguki. Akanitazama tu. Bibi hebu fumbua, nikapitisha vidole vitatu wima, vikaingia, akaniuma makusudi. Popoo hajaacha ila sasa akinisikia analisukumiza chini ya mkeka.

Sapu nimepita, na si kwa kupenya. Na usifanye na mwanafunzi mwenzio, huyo atakuitikia kila kitu, tafuta mbishi asiyesoma udaktari. Nikimaliza intaniship nataka kusomea hiyohiyo patholojia, mama keshaanza kulia kuwa sitopata hela.

Juzi yule mkubwa wa pasti pepa kanitumia meseji, mdogo wake naye kapata sapu ya somo hilohilo, anaomba zile picha. Picha nitampa. Bibi atafute wake.