Jinsi nilivyomsaidia mdogo wangu kusawazisha milinganyo ya kemia

Jioni moja, nyumbani kwetu Dodoma, mdogo wangu wa kidato cha pili aliniletea daftari la kemia ambalo karibu kila mlinganyo ndani yake ulikuwa umekosolewa. Nilipolisoma kwa makini, niliona kosa moja linalojirudia: ili atomu zilingane pande zote mbili, alikuwa akibadilisha namba ndogo zilizomo ndani ya fomula. Kwa mlinganyo wa kuunda maji (H₂O), aliandika H₂ + O₂ → H₂O₂. Hesabu ililingana, lakini hayo hayakuwa maji tena, bali peroksidi ya haidrojeni, ambayo ikizimuliwa hutumika kusafishia vidonda.

Maelezo matupu hayakumsaidia, kwa hiyo nilileta bakuli la zabibu na njiti za meno. Nyeupe zilikuwa haidrojeni, nyekundu oksijeni. Alichoma jozi moja ya kila rangi, akazichomoa, akaunda molekuli moja ya maji, kisha akabaki ameshika zabibu nyekundu moja.

“Kaka, hii imekosa wenzake.”

“Basi ongeza jozi nyingine ya haidrojeni.”

Akaongeza, akapata molekuli mbili za maji, akaandika mwenyewe 2H₂ + O₂ → 2H₂O.

Kwa mlinganyo wa alumini na oksijeni tulianza na valensi (idadi ya vifungo ambavyo atomu huunda), yaani 3 ya alumini kwa 2 ya oksijeni, tukapata Al₂O₃, na ndipo tukasawazisha: 4Al + 3O₂ → 2Al₂O₃. Swali la kutenganisha chumvi na mchanga halikumsumbua: aliyeyusha chumvi ndani ya maji, akachuja mchanga, akavukiza maji.