Alhamisi yangu Bungeni Dodoma

Saa 12:30 asubuhi. Supu na chapati mbili kwanza, maana Alhamisi ni siku ya maswali ya papo kwa papo kwa Waziri Mkuu, na njaa ya jukwaa la wanahabari naijua.

Saa 3:00. Siwa, lile rungu la heshima la Bunge, inaingia, Spika nyuma yake, dua inasomwa. Zikifika dakika za Waziri Mkuu, ukumbi unatulia. Mbolea, mikopo ya vyuo, tembo mashambani: maswali hajaletewa mapema, anasimama na kujibu. Mbunge akianza kuulizia daraja la kata yake, Spika anamkatisha, kwani hapa panaulizwa sera. Wapo wanaosema ni ngonjera. Mimi naipenda nusu saa hii. Ibara ya 52 ya Katiba inamtwika Waziri Mkuu usimamizi wa shughuli za Serikali za siku hadi siku na uongozi wa shughuli zake Bungeni, na mtu asiyezijua wizara zote hapa huumbuka.

Saa 5:00. Makadirio ya bajeti za wizara. Naandika, natuma.

Saa 7:15 mchana. Kantini, wali na maharage. Binti wa Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM) aliye nasi kwa mazoezi ananiuliza, "Kaka, kwa hiyo huyu ni kama Waziri Mkuu wa India?"

Hapana, mdogo wangu. India na Ethiopia ni jamhuri za kibunge: Rais yupo, lakini Waziri Mkuu ndiye mwenye Serikali, na anakaa madarakani maadamu wabunge walio wengi wako naye. Kwetu Serikali ni ya Rais. Yeye humteua Waziri Mkuu miongoni mwa wabunge wa majimbo, Bunge linamthibitisha, kisha anawajibika kwa Rais.

"Basi Bunge halina meno?"

Linayo, ila limefungwa mdomo kwa taratibu. Ili kupiga kura ya kutokuwa na imani na Waziri Mkuu, Ibara ya 53A inataka saini za asilimia 20 ya wabunge wote, taarifa ya siku 14, kisha kura za zaidi ya nusu ya wabunge wote. Ikipita, ana siku mbili za kujiuzulu. Aprili 2012 mbunge Zitto Kabwe alikusanya saini dhidi ya Mizengo Pinda, Waziri Mkuu wa wakati huo, Spika Anne Makinda akamkumbusha hizo siku 14. Kura haikupigwa, lakini mwezi uliofuata Rais Kikwete alipangua Baraza la Mawaziri. Na Februari 2008 Waziri Mkuu Edward Lowassa aliondoka kabla ya kura yoyote, baada ya ripoti ya kamati teule ya Bunge kuhusu mkataba wa umeme wa dharura wa kampuni ya Richmond. Alipojiuzulu yeye, Baraza zima likavunjika.

Wali wangu umepoa. Yeye amemaliza wake na anaandika.

Saa 11:00 jioni. Michango ya wabunge, "naunga mkono hoja" kila baada ya dakika chache.

Saa 2:10 usiku. Mhariri anapiga simu. Aya ya 53A ameikata yote, anataka mbolea iende juu na bei ya mfuko iwe kwenye kichwa cha habari.